"Tuli" na "Badilifu": Historia ya Thamani za Mwanzo katika Programu za Kompyuta

Katika orodha ya istilahi za kompyuta iliyoletwa katika sehemu yetu ili ichunguzwe kabla ya kusanifishwa, neno la Kiingereza "static" limepewa kisawe kimoja tu, nacho ni "tuli". Na mwenzake, "dynamic", amepewa "badilifu". Aliyeitunga orodha hiyo hakukosa sababu. "Tuli" ni neno letu la siku zote, ni fupi, na halina utata kwa mtu anayezungumzia maji au hewa. Tena kila mtungaji wa istilahi hupenda neno moja la kigeni lipate neno moja la Kiswahili, ili mwalimu na mwanafunzi wasihangaike. Hata hivyo sisi tunaona kwamba katika fani ya utungaji wa programu visawe hivi viwili, vikipitishwa kama vilivyo, vitampotosha mwanafunzi mahali pale pale anapohitaji kuongozwa. Sababu ya kusema hivyo haimo katika kamusi. Imo katika historia ya jambo lenyewe, yaani jinsi kompaila zilivyoshughulikia, kwa muda wa zaidi ya miaka 60, thamani za mwanzo za vitu vya programu nzima.

Kompaila ni programu inayofasiri maagizo yaliyoandikwa na mwanadamu kuwa maagizo ya mashine. Kazi yake humalizika kabla programu iliyofasiriwa haijaanza kwenda. Sasa, programu huwa na vigeu vya aina mbalimbali. Vingine huzaliwa na kufa ndani ya utaratibu mmoja mdogo. Vingine huishi tangu mwanzo wa programu hadi mwisho wake, na aghalabu huonekana kutoka kila pembe ya programu. Hivi vya pili ndivyo tunavyoviita vitu vya programu nzima, na swali lake ni hili: thamani ya kwanza ya kitu cha namna hiyo hutiwa na nani, na wakati gani?

Msomaji anayecheza bao atalielewa swali hili upesi. Katika bao la kujifunza, kila shimo hutiwa kete mbili mbili, na mchezaji wa kwanza anaponyosha mkono kete zote 64 zimekwisha kukaa mahali pake. Katika bao la Kiswahili mambo ni mengine: kila mchezaji huweka kete sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na kete 22 hubaki mkononi, azitie moja moja kwa kunamua huku mchezo unaendelea. Kete ni zile zile na ubao ni ule ule. Tofauti ni kwamba za kwanza zimepangwa kabla ya mchezo, ilhali za pili hutiwa na mchezo wenyewe. Kompaila nayo ina njia hizo mbili. Yaweza kuiandika thamani ndani ya faili la programu, ili programu inapopakiwa katika kumbukumbu ya mashine thamani iwe imekwisha kuwapo. Au yaweza kuandika maagizo ya kuitafuta thamani hiyo, maagizo ambayo programu itayatekeleza ikiwa imekwisha kushika njia. Njia ya kwanza Waingereza huiita "static", na ya pili "dynamic". Wala hakuna katika njia hizo mbili kilichotulia au kinachobadilikabadilika: thamani iliyotiwa kwa njia ya kwanza yaweza kubadilishwa mara elfu baadaye, na iliyotiwa kwa njia ya pili yaweza kukaa bila kuguswa mpaka programu inakoma. Kinachotofautiana ni wakati wa kutiwa, na mtiaji.

Lugha za kwanza hazikulijua tatizo hili, kwa kuwa zilijua njia moja tu. FORTRAN, iliyotungwa na John Backus na wenzake katika kampuni ya IBM na kutolewa mwaka 1957 kwa ajili ya mashine ya IBM 704, baadaye ilipewa tamko la DATA, ambalo kazi yake ni kutaja thamani za mwanzo. Na kwa ajili ya maeneo ya kumbukumbu yanayotumiwa kwa pamoja na taratibu nyingi kikawekwa kitengo maalumu kiitwacho BLOCK DATA. Kitengo hicho hakina agizo hata moja la kutekelezwa. Chote ni thamani tupu, na mwenye kuzitia ni kompaila na wasaidizi wake. ALGOL 60 iliteleza hapa. Iliruhusu kigeu kiitwe "own", yaani cha mwenyewe, kikumbuke thamani yake kutoka mara moja utaratibu unapoitwa hadi mara nyingine; lakini taarifa rasmi ya lugha hiyo haikutoa njia ya kusema thamani yake ya kwanza ni ipi. Basi kigeu kilikumbuka kila kitu isipokuwa mwanzo wake. Taarifa iliyorekebishwa ya mwaka 1976 ndiyo iliyoamua kwamba vigeu hivyo vya namba vianzie katika sifuri.

Lugha ya C, iliyotungwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliweka sheria ya wazi zaidi. Kitu cha programu nzima kisichopewa thamani huwa sifuri. Kikipewa thamani, ni lazima iwe hesabu ambayo jibu lake laweza kujulikana kabla programu haijaanza: namba, herufi, au anwani ya kitu kingine, ambayo programu-unganishi au ile ya kupakia huja kuijaza. Mtu hakuruhusiwa kuandika kwamba thamani ya mwanzo ni jibu la utaratibu fulani utakaoitwa. Sheria hiyo haikutokana na ukali wa bure. Katika mfumo wa Unix faili la programu lilikuwa na eneo la thamani zilizoandikwa, na pembeni yake eneo liitwalo bss, jina lililorithiwa kutoka katika lugha za asembla za enzi ya IBM 704. Eneo hili la pili halichukui nafasi katika faili; linaandikwa ukubwa wake tu, na mfumo huandaa kumbukumbu iliyojaa sifuri wakati wa kupakia. Safu ya namba 1,000,000 zenye baiti nne nne, ikiwa haikupewa thamani, haiongezi chochote katika faili ila kumbukumbu ya ukubwa wake. Mtungaji akiandika kwamba namba ya kwanza ya safu hiyo ni 1, safu nzima kwa kawaida huhamishiwa katika eneo la thamani zilizoandikwa, na faili huongezeka baiti 4,000,000, karibu zote zikiwa sifuri. Neno moja dogo la mwandishi, na diski hujaa. Tunautaja mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba tangu hapo "static" ilikuwa na maana ya mahali thamani ilipoandikwa na mtu aliyeiandika, na haikuhusiana na utulivu wowote.

Aliyelivunja boma hilo ni Bjarne Stroustrup, mzaliwa wa Denmaki, aliyeanza kazi yake katika maabara hizo hizo za Bell mwaka 1979. Lugha yake, iliyopata jina la C++ mwaka 1983 na kutolewa kwa umma mwaka 1985, iliruhusu kitu kiwe na utaratibu wake wa ujenzi, unaotekelezwa kila kitu cha jamii hiyo kinapozaliwa. Utaratibu wa ujenzi waweza kufungua faili, kuomba kumbukumbu, au kusoma saa ya mashine. Kama kitu cha namna hiyo ni cha programu nzima, kompaila haiwezi kuiandika thamani yake katika faili, kwa kuwa thamani hiyo bado haipo duniani. Lazima mtu aende kuitafuta, na lazima aende kabla utaratibu mkuu, uitwao main, haujaanza, au sivyo main itakuta nyumba isiyo na vyombo.

Lakini nani ataitwa, na ataitwa na nani? Kompaila ya Stroustrup, iliyoitwa Cfront, haikutoa lugha ya mashine. Ilifasiri C++ kuwa C, na kuiachia kompaila ya C iliyokuwapo imalizie. C haikuwa na njia ya kusema "tekeleza hili kabla ya main", na programu-unganishi za wakati ule hazikuwahi kuisikia C++. Hila iliyotumika inastahili kusimuliwa. Kompaila ilikusanya maagizo ya kutia thamani ya kila faili katika utaratibu mmoja, na kuupa jina lenye alama ya pekee inayoanza kwa herufi sti. Programu ilipokwisha kuunganishwa, programu nyingine ndogo iitwayo munch, neno la Kiingereza lenye maana ya kutafuna, ilipitia orodha ya majina yote yaliyomo, ikachagua yenye alama hiyo, ikayaandikia jedwali katika lugha ya C. Jedwali likafasiriwa, na programu ikaunganishwa tena mara ya pili. Mwanzoni mwa main kompaila ilichomeka wito wa utaratibu mwingine, ambao ulilipitia jedwali na kuziita taratibu zote moja baada ya nyingine. Kazi mara mbili, ili kuitafuta thamani mara moja! Hata hivyo hila hiyo haikufa upesi. Kompaila za mradi wa GNU zilikuja na programu iitwayo collect2, inayofanya karibu hayo hayo katika mifumo isiyo na njia iliyo bora.

Katika ule mfuatano wa jedwali ndimo lilimojificha tatizo kubwa. Ndani ya faili moja, vitu hutiwa thamani kwa mfuatano ule ule ulioandikwa, kutoka juu kwenda chini. Baina ya faili na faili, lugha haikuamuru mfuatano wowote. Tuseme faili moja lina kitu cha kuandika taarifa za makosa, na faili jingine lina kitu ambacho utaratibu wake wa ujenzi huandika taarifa kwa kukitumia kile cha kwanza. Ikiwa faili la kwanza limetangulia katika jedwali, mambo ni salama. Likichelewa, kitu cha pili hukitumia kitu ambacho bado hakijajengwa, na programu huweza kufa kabla ya mstari wa kwanza wa main, mahali ambapo mtungaji hana hata desturi ya kutazama. Ubaya wake zaidi ni kwamba programu yaweza kwenda sawa kwa miaka mingi, kisha siku moja mtu akabadilisha mpangilio wa mafaili anapoiunganisha, bila kugusa hata herufi moja ya maandishi, na yote yakaanguka. Watungaji wanaotumia Kiingereza waliliita tatizo hili fedheha ya mfuatano. Na kwa kuwa jina lao lina neno "static" ndani yake ilhali kosa lote limo katika njia ya "dynamic", msomaji ataona jinsi maneno hayo mawili yalivyowachanganya hata wenyewe.

Dawa ya kwanza iliyosifika ilitokana na Jerry Schwarz, aliyetengeneza maktaba ya C++ ya kuingiza na kutoa habari mwishoni mwa miaka ya 1980. Kila faili linaloitumia maktaba hiyo hupewa, bila mwandishi kuona, kitu kidogo ambacho utaratibu wake wa ujenzi huongeza moja katika hesabu. Atakayeikuta hesabu ingali sifuri ndiye anayejenga mikondo ya maktaba. Wanaofuata huongeza hesabu na kupita. Hivyo haidhuru ni faili gani lililotangulia. Lakini msomaji atazame vizuri: hila nzima yategemea kwamba hesabu yenyewe ni sifuri kabla ya yeyote kuigusa, na sifuri hiyo haikutiwa na utaratibu wowote. Ilikuwapo tangu programu ilipopakiwa, kwa sheria ile ya C. Kete zinazonamuliwa zinahitaji zilizopangwa.

Kampuni ya Microsoft ilichukua njia nyingine. Kompaila yake huweka anwani za taratibu hizo katika vipande vya faili vyenye majina yanayoanza kwa .CRT, na programu-unganishi huvipanga kwa alfabeti, kisha programu ya kuanzia huvipitia kutoka kipande cha A hadi cha Z. Mwenye kutaka maktaba yake itangulie huipa herufi ya mbele. Kwa upande wa Unix, aina mpya ya faili la programu ilileta eneo liitwalo .ctors, lililopitiwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Mnamo mwaka 2010 watengenezaji wa kivinjari cha Firefox walitambua kwamba mtindo huo ulifanya faili kubwa lisomwe diskini kinyumenyume, jambo linaloichelewesha programu kuanza, kwa kuwa mifumo ya kompyuta hutazamia kusoma kwenda mbele. Katika toleo la 4.7 la kompaila za GNU, la mwaka 2012, eneo jingine liitwalo .init_array lilishika nafasi yake, nalo hupitiwa kwenda mbele.

Kiwango sanifu cha kimataifa cha C++ kilichopitishwa mwaka 1998 hakikuiondoa fedheha hiyo, kiliitungia sheria. Kilisema kwamba vitu vyote vya kudumu hutiwa sifuri kwanza. Kisha vyenye thamani inayojulikana mapema hutiwa thamani hiyo. Kisha vilivyobaki hutiwa kwa kutekeleza maagizo. Halafu kikaongeza ruhusa: kompaila iliyo hodari, ikiweza kulitafuta jibu mapema bila kuharibu kitu, yaweza kukihamisha kitu kutoka kundi la mwisho hadi la pili. Ruhusa hiyo ina matokeo ya ajabu, na kiwango chenyewe kinatoa mfano. Kigeu cha pili kinachukua thamani yake kutoka kwa cha kwanza. Cha kwanza kinapata thamani kutoka kwa utaratibu unaorudisha 1.0, lakini cha pili kimeandikwa juu zaidi katika faili. Kompaila ikiwa hodari, cha kwanza kimekwisha kuwa 1.0, na cha pili hupata 1.0. Ikiwa si hodari, cha pili hupata sifuri. Majibu yote mawili ni halali. Maandishi ni yale yale, lugha ni ile ile, na hesabu zatofautiana kwa kadiri ya bidii ya mfasiri. Sisi tunaofanya kazi ya tafsiri hatuna budi kulitafakari hilo.

Kuanzia mwaka 2011 lugha ilimpa mtungaji neno constexpr, la kutangaza kwamba utaratibu fulani waweza kutekelezwa na kompaila yenyewe. Na mwaka 2020 neno constinit, linaloiamuru kompaila ikatae kabisa kufasiri programu ikiwa thamani ya kitu kilichotajwa haiwezi kutiwa mapema. Kitu hicho hakifungwi. Programu yaweza kukibadilisha baadaye ipendavyo. Kinachodaiwa ni kwamba mwanzo wake uwe umekwisha kuwapo. Lugha nyingine zilikata shauri mapema zaidi. Ada, katika kiwango chake cha mwaka 1983, iliagiza kosa litangazwe ikiwa utaratibu umeitwa kabla kitengo chake hakijaandaliwa, na ikampa mtungaji njia ya kusema kitengo kipi kitangulie. Go hukataza vifurushi kutegemeana kwa mzunguko, na hutia thamani kwa kufuata utegemezi. Rust, iliyotoa toleo lake la kwanza rasmi mwaka 2015, ilirudi kwenye sheria ya C.

Sasa turejee kwenye orodha iliyo mezani. Katika C++ peke yake neno "static" lina kazi nne. Ni sifa ya kitu kinachoishi muda wote wa programu. Ni sifa ya jina lisiloonekana nje ya faili lake. Ni sifa ya kitu kinachomilikiwa na jamii nzima, wala si na mwanajamii mmoja. Tena ni sifa ya thamani iliyotiwa kabla ya programu kuanza. Kazi ya kwanza na ya nne hukutana kila siku katika sentensi moja, kwa sababu fedheha tuliyoieleza hutokea pale ambapo kitu ni "static" kwa maana ya kwanza lakini si "static" kwa maana ya nne. Kwa visawe vya orodha, kitu hicho kitaitwa "kitu tuli chenye thamani badilifu ya mwanzo". Mwanafunzi atakayesoma maneno hayo ataelewa kwamba kitu hakibadiliki na thamani yake hubadilika, na hapo hajaambiwa neno hata moja la kweli.

Kwa hiyo tunapendekeza kazi hizo zitenganishwe: "kitu cha kudumu" kwa maana ya kwanza, "jina la ndani ya faili" kwa ya pili, "kitu cha jamii" kwa ya tatu, na kwa ya nne "utiaji thamani tangulizi", mwenzake akiwa "utiaji thamani wa mwendoni". Sentensi ile ya fedheha itakuwa: kitu cha kudumu kinachotiwa thamani mwendoni. Wako wanaosema kwamba msomaji wa Kiswahili hatimaye atavisoma vitabu vya Kiingereza, na afadhali azoee kuona neno moja mahali pa neno moja. Hoja hiyo ina uzito katika fani ambamo Kiingereza kimetumia neno lake kwa uangalifu. Hapa hakikufanya hivyo, na hatuoni faida ya kurithi deni la mwenzetu. Wengine walipendekeza "kupanga" na "kunamua", kwa ajili ya bao. Tuliyapenda maneno hayo, lakini Kiswahili kina wasemaji wengi ambao hawajawahi kuketi mbele ya ubao wa bao, na istilahi inayohitaji kuelezwa kwa mchezo itahitaji kuelezwa mara mbili.

Linabaki suala la kitu cha kudumu kilichoandikwa ndani ya utaratibu, ambacho katika C++ hutiwa thamani mara ya kwanza mwendo unapokipitia, na ambacho tangu mwaka 2011 kompaila huwajibika kukiwekea ulinzi ili nyuzi mbili za utekelezaji zisikijenge kwa pamoja. Hiki nacho ni cha mwendoni, ila wakati wake si kabla ya main. Tumekiandikia "utiaji thamani wa mpito wa kwanza", na tungependa kusikia kutoka kwa walimu wa vyuo vya ufundi kama wanafunzi wao wanalipokea jina hilo. Ama "tuli" yenyewe, tumeiacha katika sehemu moja tu ya orodha, katika vifaa vya kielektroniki: kuna kumbukumbu inayoshika ilichowekewa maadamu umeme upo, bila kuburudishwa, na kuna nyingine ambayo isipoburudishwa mara kwa mara katika kila sekunde husahau. Ile ya kwanza ni tuli kweli kweli.